Wapimaji wa Barafu ya Mount Rainier
Mount Rainier, volkano ya mita 4,392 katika jimbo la Washington, Marekani, ina vibarua wa msimu ambao mtalii anaweza kuwadhania mafundi bomba kwa vifaa wanavyobeba. Miongoni mwao wamo wanafunzi wa jiolojia, wanaowasaidia wataalamu wa hifadhi ya mlima huo kupima barafuto za Nisqually na Emmons.

Majira ya kuchipua barafu hutobolewa kwa mashine ya mvuke na vigingi vya plastiki kusimikwa. Wakati wa kiangazi wao hurudi, wakiwa wamefungana kamba kwa hofu ya nyufa, kusoma kiasi kilichoyeyuka. Wakati wa vuli hurudi tena. Vidole vimekufa ganzi, mabega yamechubuka kwa mzigo, na bado mwandiko wa daftarini lazima usomeke. Kipimo kisichochukuliwa leo hakifidiwi kesho.

Maji ya barafu hiyo hulisha mito wakati wa kiangazi. Nayo barafuto inaporudi nyuma huacha kifusi kisichoshikana, ambacho mvua kubwa hukisukuma mabondeni kikiziba mito na kukata barabara. Nani angejua ni barafu kiasi gani inayoyeyuka bila namba zao?

Ukiwakuta njiani, wapishe. Mzigo wao ni mzito kuliko wako.