Penseli ya Sista

Ukitaka kumjua sista wa wodi, usimtazame kwenye raundi ya madaktari. Pale kila mtu ni hodari. Mtazame akipanga ratiba ya zamu. Mimi nilimtazama mmoja nilipokuwa nikimuuguza mama yangu katika wodi ya upasuaji ya wanawake, hospitali ya mkoa, miaka ambayo meza ya wauguzi bado ilikuwa na madaftari.

Mwisho wa mwezi, dawa za mchana zikishatolewa, alikunjua karatasi aliyoipigia mistari kwa rula, akachonga penseli kwa wembe, akaweka kifutio pembeni. Asubuhi, jioni, usiku, mapumziko. Kila zamu iwe na mzoefu. Aliyetoka usiku asirudishwe mchana. Huo ni usimamizi, na mtu makini hufundishika. Kisha akaanza kufuta, na hapo ndipo nilipovuta kiti karibu.

Wakristo walibeba zamu za Idi, Waislamu wakabeba za Krismasi, wala sikusikia mtu akibembelezwa. Kulikuwa na muuguzi mwenye mtoto mchanga. Sheria ya kazi ya 2004 inampa mama mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha, na msimamizi mwema angeziandika akaona amemaliza. Sista alijua kuwa binti huyo anapanda daladala mbili, na saa hizo zote zingeishia kituoni. Akafuta, akampanga siku ambazo dada yake angeweza kumleta mtoto hadi getini. Mwingine alikuwa amemjibu kwa utovu wa adabu jana yake, tena mbele yetu wauguzaji. Naye alipewa mapumziko aliyoyaomba. Penseli ile haikuwa fimbo. Jina lake mwenyewe sista aliliandika mwisho, kwenye nafasi alizokosa wa kumweka, nyingi zikiwa usiku. (Mfawidhi wa wodi kwa kawaida haingii usiku. Waulize.)

Matunda ya karatasi ile tuliyaona asubuhi, saa moja na nusu, zamu zikipokezana. Walipita kitanda kwa kitanda, mwanafunzi akitangulia kusema. “Haya mwanangu, tuambie bibi amelalaje,” na wakubwa wakanyamaza wamsikilize. Huku akisikiliza, sista alishika vidole vya mguu vilivyochomoza kwenye plasta kuona kama vina joto. Alipokwenda likizo tulitegemea wodi ilegee. Haikulegea. Mwanafunzi yuleyule alisimama miguuni pa kitanda cha mama, akashika vidole kabla ya kufungua faili.

Siku hizi kwenye semina wanatenganisha: huyu meneja, yule kiongozi, meneja akapewa makaratasi na kiongozi akapewa sifa. Tofauti ipo, sibishi, ila wanaitafuta pasipo. Florence Nightingale, ambaye wauguzi wetu humkumbuka kwa mishumaa kila Mei 12, amebaki akilini mwa watu na taa mkononi, akipita kati ya majeruhi wa Vita vya Crimea. Picha nzuri, lakini imemdhulumu, maana alikuwa mtu wa takwimu na wa kuhesabu mashuka. Katika Notes on Nursing, kitabu chake cha 1859, kuna sura nzima ya usimamizi wa mambo madogomadogo, na anachodai humo ni kwamba unayoyafanya ukiwepo yafanyike vilevile ukiwa hupo. Hapo meneja ni nani na kiongozi ni nani? Sista wetu hakuhutubia mtu. Uongozi wake wote ulikuwa ndani ya ratiba, katika yale aliyoyafuta.

Sasa ratiba inatumwa usiku kwenye kundi la WhatsApp, imepigwa chapa, safi, haina alama ya kifutio. Mfawidhi yuko kikaoni, au anajaza mfumo, au yuko kwenye mafunzo ya uongozi. Zamu nilizoziona juzi zilikabidhiana mezani, macho kwenye kompyuta, vitanda vikiwa nyuma yao. Simlaumu kijana aliyekuta mambo hivyo. Kuna mtu alipaswa kumwachia kitu na hakumwachia. Mwenye shida nyumbani hamfuati tena mfawidhi, atamfuata kwa lipi? Anatafuta mwenzake wa kubadilishana naye, akimkosa anapiga simu alfajiri kusema anaumwa. Wodi nzima inabaki na muuguzi mmoja na mwanafunzi, na ripoti ya mwezi itaandika upungufu wa watumishi. Upungufu upo kweli, tena mkubwa, ndiyo maana hakuna anayeuliza zaidi.