Msamiati wa Nakshi na Mlango

Wapo wadaio kwamba ufundi wa majengo ya Kiislamu pwani yetu ni wa kigeni mtupu. Lugha yenyewe yawakanusha. Ni kweli kwamba mihrabu, mnara, kuba na nakshi, tuyatamkayo mbele ya misikiti ya Kitumbini na Kariakoo, ni maneno ya asili ya Kiarabu. Lakini mlango wenye nakshi hushikwa na miimo. Na mwimo ni neno la Kibantu, litokanalo na kuima, yaani kusimama. Pambo limepokewa, kiunzi ni chetu. Leo nyumba za baraza na uani za Kariakoo zinabomolewa kupisha maghorofa. Walimu na wanafunzi wayaandike majina ya sehemu zake mapema. Mlango ukishang'olewa, jina la mwimo halina pa kusimama.