Mita Moja na Nusu Kutoka Ukutani

Katika picha zilizopigwa mjini Paradise, California, baada ya moto wa Novemba 2018, kuna jambo linalomfanya mtu atazame mara ya pili. Nyumba zimebaki majivu na mabati yaliyojikunja, ilhali hatua chache pembeni misonobari imesimama, matawi yake ya juu bado kijani. Moto ule uliua watu 85 na kuteketeza majengo zaidi ya 18,000. Kama ungeingia mjini kama ukuta wa ndimi, miti hiyo ingetangulia kuungua. Nyumba nyingi ziliwashwa na cheche zilizoletwa na upepo, au na nyumba ya jirani iliyokwisha kushika moto.

Jack Cohen, mtafiti wa Shirika la Misitu la Marekani, alikuwa akilieleza jambo hili tangu miaka ya 1990. Katika majaribio ya Kanada, kuta za mbao zilisimamishwa mbele ya msitu uliochomwa kwa makusudi. Zilizokuwa mita 10 kutoka msituni, baadhi ziliwaka. Zilizokuwa mita 30 hazikuwaka. Msitu ukishakuwa mbali kiasi hicho, adui anayebaki ni cheche, na cheche peke yake haiwezi kuwasha tofali. Inahitaji kitu kikavu cha kushika.

Ifuate cheche moja. Inagonga ukuta, inaporomoka, inatua kwenye kona ambako upepo uleule umekuwa ukirundika majani makavu tangu asubuhi. Majani yanashika. Yanawasha kichaka kilichopandwa chini ya dirisha ili nyumba ipendeze. Joto la kichaka linapasua kioo, na cheche zinazofuata zinakuta pazia. Nyumba imeungua kwa sababu ya ua lililopandwa mahali pasipofaa.

Ndiyo maana sheria ya California ya mwaka 2020 iliongeza ukanda mpya ndani ya zile mita 30 ambazo mwenye nyumba tayari alitakiwa kuzisafisha: futi 5 za kwanza, yaani mita moja na nusu kutoka ukutani, zisiwe na kitu cha kushika cheche. Hapo panafaa kokoto, mawe au zege. Mimea inaanzia nje ya hapo, kwa makundi yaliyoachana, na kichaka hakikai chini ya tawi la mti. Wataalamu wa zimamoto wa huko hushauri nafasi kati ya kichaka na tawi la chini kabisa iwe mara tatu ya kimo cha kichaka. Kichaka cha mita moja kinadai mita tatu za hewa juu yake; bila hivyo, moto umepata ngazi.

Sasa tuje kwenye maji, maana kwenye nchi kame bustani inayojikinga na moto lazima pia ibane maji. Shirika la maji la Denver, Colorado, ndilo lililoanza mwaka 1981 kueneza utaratibu wa bustani zinazobana maji: punguza ukoka, panda mimea inayostahimili ukame, weka pamoja mimea yenye kiu inayofanana, na funika udongo kwa matandazo. Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ukoka wa mita za mraba 100, ukinyweshwa milimita 5 kwa siku wakati wa joto kali, unakunywa lita 500, yaani ndoo 25 kubwa, kila siku. Weka badala yake vichaka 20 kwenye mipira ya matone, kila kimoja na matundu mawili yanayotoa lita 2 kwa saa, ufungulie saa mbili mara mbili kwa wiki. Wiki nzima umetumia lita 320, dhidi ya 3,500 za ukoka.

Mpaka hapo maji na moto wanapatana. Wanagombana kwenye matandazo. Maganda ya miti yaliyosagwa huzuia jua lisinyonye unyevu wa udongo, lakini ni kuni zilizotandazwa. Watafiti wa Nevada walipochoma aina nane za matandazo, vipande vya mpira, sindano za msonobari na nyuzi za mwerezi zilikuwa hatari zaidi; vipande vya mbao vilivyokwisha kuoza kama mboji vilifuka tu, karibu bila ndimi. Kwa maoni yangu jibu ni la mahali: kokoto ukutani, mboji kwenye mashina ya mbali, vipande vya mpira visiwekwe kabisa.

Ugomvi wa pili ni mzito zaidi, na watu wengi huupita. Orodha za "mimea isiyoungua" zinapotosha. Mshubiri una maji ndani ya majani yake, naam, lakini majani yake ya chini yaliyokauka na kuachwa hapo huwaka kama karatasi. Mkaratusi huvumilia ukame vizuri sana, na ulikuwa miongoni mwa kuni za moto wa vilima vya Oakland mwaka 1991, ulioua watu 25, kwa sababu magome yake yanayobanduka na mafuta ya majani yake ni chakula cha moto. Tunao mkaratusi huohuo nyuma ya nyumba nyingi za kwetu. Na mmea wowote ukinyimwa maji hadi usinyae, unageuka kuni. Mimea iliyo karibu na nyumba ndiyo ya kupewa matone ya uhakika. Ile inayojitegemea ikae mbali.

Bibi zetu wa bara walifagia uwanja kila alfajiri kwa fagio la chelewa, udongo ukabaki mtupu hadi kwenye kizingiti. Walisema ni kwa ajili ya nyoka. Mita moja na nusu ya California ilikuwa tayari ndani ya uwanja ule.

Sehemu ninayoikagua kwanza nikifika kwenye nyumba ya nchi kame ni pale uzio wa mbao unapogusana na ukuta. Moto ukishika uzio kule mwisho, unatembea ubao kwa ubao kama kwenye utambi. Toa mbao za mita moja na nusu za mwisho, weka geti la chuma, kisha zoa majani yaliyojikusanya chini yake.