Kabla ya Kugombania Rangi ya Jezi, Jaribu Kusoma Namba

Siku ya Simba na Yanga, kibanda umiza cha Tura hakina pa kuweka mguu. Mara ya mwisho nilibanwa benchi la nyuma kabisa, pembeni ya babu mmoja ambaye kila baada ya dakika mbili aliniuliza, "Mjukuu wangu, huyo aliyepiga ni nani?" Natazama namba, siioni. Naona mgongo mwekundu wenye kitu cheupe, au mgongo wa kijani wenye kitu cha njano. Picha inavunjikavunjika, mchezaji anageuka, basi. Tumeshampoteza.

Mbele yetu vijana walikuwa kwenye ugomvi ule wa siku zote: eti rangi ya mdhamini fulani haifai kukaa kwenye jezi ya Wananchi. Si ugomvi mgeni. Enzi ligi ikidhaminiwa na Vodacom, Yanga waligoma kuvaa nembo yenye wekundu kwa sababu nyekundu ni ya Msimbazi, na nembo ikabidi iwekwe nyeusi. Kampuni kubwa kabisa ilibadilishiwa rangi yake na mashabiki.

Siwacheki. Kwa watu wa Tura hasa, rangi haijawahi kuwa jambo dogo. Hapa ndipo misafara ya kutoka pwani ilipoingia Unyamwezi baada ya kuvuka pori la Mgunda Mkali, na jina lenyewe husemwa ni amri ya kutua mzigo. Stanley, aliyepita njia hii mwaka 1871, aliandika jinsi shanga zilivyomsumbua kichwa kabla hajaondoka pwani. Shanga nyeusi zilikuwa fedha Ugogo lakini kwingine hazikuwa na thamani. Unyamwezi walitaka nyekundu. Ukikosea rangi, una mzigo mzima begani na chakula hupati. Kwa hiyo mtu akiniambia "ni rangi tu", namwambia aende akawaulize wapagazi.

Tatizo langu liko kwingine. Jezi ina kazi mbili. Ya kwanza ni kusema huyu ni wa kwetu, na hapo rangi inatosha. Ya pili ni kusema huyu ni *nani*, na hapo rangi peke yake haifui dafu. Sisi tunamaliza nguvu zote kwenye kazi ya kwanza. Ya pili tunamwachia fundi wa kuchapa namba.

Jicho lina seli za koni za aina tatu, na kwa kuzilinganisha hizo ubongo hutambua rangi. Lakini vitu vyembamba, kama ukingo wa herufi au uwazi mdogo ndani ya namba 6, ubongo huvisoma zaidi kwa tofauti ya mng'ao, yaani hiki kinang'aa kuliko kile kwa kiasi gani. Kwa rangi pekee, jicho ni zito. Wahandisi wa video wanalijua hilo na wanalitumia kubana picha. Katika video nyingi za king'amuzi na za simu, kila pikseli, ile nukta ndogo ya picha, ina kipimo chake cha mng'ao, lakini pikseli nne hugawana taarifa moja ya rangi. Kwa filamu ya kawaida huoni hasara. Kwa namba nyekundu juu ya jezi ya kijani, hasara ndiyo namba yenyewe.

Kuna kanuni inayotumiwa na watengeneza tovuti kupima tofauti ya mng'ao kati ya maandishi na mandharinyuma yake. Rangi mbili zinazolingana mng'ao hupata 1. Nyeusi juu ya nyeupe hupata 21. Kwa maandishi makubwa wanataka angalau 3. Nilikaa na kikokotoo, nikachukua nyekundu, njano na kijani kizito kama kompyuta inavyozijua. Jezi halisi zitatofautiana kidogo, lakini picha ni hii. Nyeupe juu ya nyekundu, 4.0. Njano juu ya kijani, karibu 4.8. Zote zinapita, bila fahari. Nyeusi juu ya njano, 19.6! Yaani Yanga wana njano na nyeusi kabatini mwao, mchanganyiko unaosomeka kuliko karibu wowote, ilhali kila msimu mjadala ni kola na maua ya kifuani.

Sasa weka jezi nyekundu kando ya jezi ya kijani: 1.3. Kwa mng'ao ni kama sare moja. Mwenye upofu wa rangi wa nyekundu na kijani anaweza kuona timu moja yenye watu ishirini na wawili. Upofu huo unarithiwa kupitia kromosomu X, ndiyo maana huwakumba wanaume zaidi. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini ni kama mmoja kati ya 12. Afrika tafiti nyingi zimepata idadi ndogo zaidi, ila si sifuri, na kibanda kilichojaa hakikosi mmoja. Marekani walilipata somo hili tarehe 12 Novemba 2015, Buffalo Bills walipocheza mpira wa Kimarekani wakiwa wekundu mwili mzima dhidi ya New York Jets waliokuwa kijani mwili mzima. Watazamaji wenye upofu wa rangi walilalamika mtandaoni usiku uleule. Sisi dabi yetu ya jadi imesimama juu ya rangi hizohizo, na kila Yanga wakitokea na njano kuna mtu mahali fulani anashukuru kimyakimya.

(Na kabla hujaniletea ile hoja kwamba nyekundu inaleta ushindi: ndiyo, mwaka 2005 Hill na Barton walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba katika ndondi, taekwondo na mieleka ya Olimpiki ya 2004, waliovaa nyekundu walishinda takriban asilimia 55 ya mapambano. Uchambuzi wa mashindano ya baadaye haukuiona faida hiyo kwa uthabiti. Halafu yale yalikuwa mapambano ya mtu na mtu. Usiifanye kuwa tafiti ya Msimbazi.)

Mchezo unaoadhibu namba mbaya kuliko yote ni mpira wa kikapu, kwa sababu kule namba huandikwa kwenye karatasi na ina matokeo. Faulo tano, unatoka. Mwamuzi anaonyesha namba kwa vidole kwenye meza. Zamani FIBA waliruhusu namba 4 hadi 15 tu, kwa kuwa kidole kimoja, viwili na vitatu vilikuwa tayari na maana ya pointi. Zuio hilo lililegezwa kuanzia 2014, na leo unaweza kuvaa 0, 00 au yoyote hadi 99. Sheria inataka namba ya mgongoni iwe na urefu wa angalau sentimita 16, ya kifuani 8, na unene wa mstari angalau 2. Kuhusu rangi inasema tu kwamba itofautiane na jezi. Itofautiane kiasi gani? Haina kipimo. Hilo ndilo tundu ninalolilalamikia.

Niliwahi kukaa kwenye meza hiyo, mashindano ya wanafunzi. Timu moja ilikuja na jezi nyeupe, namba za dhahabu, nzuri kweli kwenye picha za mtandaoni. Robo ya tatu refa alionyesha 8. Nikaandika 8. Ilikuwa 6. Dakika chache baadaye namba 8 akaambiwa ana faulo tano, akatoka analia, kocha wake akapiga meza, na mimi nilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa wino. Dhahabu juu ya nyeupe, kwa kanuni ileile, ni 1.4.

Lakini rangi haikufanya kosa lile peke yake. Namba zilikuwa za mkato wa pembepembe, ule wa kivyuo cha Marekani. Hebu pima. Namba ya sentimita 16 yenye mistari ya sentimita 3 ina mistari mitatu ya kulala, jumla 9. Zinabaki 7 kwa matundu mawili, 3.5 kila moja. Kinachoitenga 6 na 8 ni uwazi wa upande wa juu kulia tu, na mchoraji akishusha kindoano cha sentimita 1.5 kwa ajili ya urembo, unabaki na sentimita 2. Jicho zima hutambua uwazi wa dakika moja ya pembe, ambayo kwa umbali wa mita 28, urefu wa uwanja wa kikapu, ni kama milimita 8. Kwa hiyo karatasini 2 zinatosha. Ila kipimo hicho ni cha weusi juu ya weupe, kibao kimetulia, mtu ana macho mazuri. Punguza tofauti ya mng'ao, lowesha jezi jasho, kunja kitambaa, mweke refa anayekimbia. Uwazi unazibika.

NBA wenyewe, na fedha zao zote, walifanya vibaya zaidi. Krismasi ya 2012 timu zilivalishwa jezi za rangi moja ambazo hata namba zilikuwa na rangi ya jezi, zimezungushiwa mstari tu. Oklahoma City Thunder, timu ya Hasheem Thabeet wetu wakati huo, ilikuwemo, ikafungwa na Miami Heat 103 kwa 97. Februari 2021 Thunder haohao walianza mechi na rangi ya chungwa dhidi ya Atlanta Hawks waliovaa nyekundu. Mapumziko ikabidi wakabadilishe, wakarudi na nyeupe. Kwa miaka mingi desturi ya kikapu ilikuwa mmoja avae nyeupe na mwingine rangi nzito, na sheria za FIBA bado zinataka timu inayotajwa kwanza ivae rangi nyepesi. Desturi ya kizamani, inayochosha wauzaji wa jezi, na ni sahihi kisayansi.

Kurudi Tura. Vijana wa kata wanachanga fedha za jezi, na fundi wa kuchapa yuko Tabora mjini. Walinionyesha mchoro kwenye simu: nyeupe, namba za dhahabu. Nilishtuka kama nimeona mzimu. Nikawaomba waifungue kwenye sehemu ya kuhariri picha na waondoe rangi yote, ibaki nyeusi na nyeupe. Wakasogeza kitufe hadi mwisho. Namba zikatoweka, wakabaki na watu kumi na mmoja waliovaa mashuka.

Wakajaribu bluu nzito. Ikasimama wima. Babu wa benchi la nyuma, ambaye alikuwa amesogea kuangalia, akasema namba 9 ile anaiona bila miwani. Rangi wameshakubaliana. Mkato wa namba bado: mmoja anautaka ule wa pembepembe na kindoano chake, na nilipoondoka walikuwa wamempa kalamu na gazeti aichore 6 na 8 kwa ukubwa halisi, wazibandike ukutani, waende kusimama ng'ambo ya reli.