Ulimi wa Kuazima: Fani ya Mhadhara wa Dimbleby

Mhadhara wa Dimbleby, ulioanzishwa na televisheni ya BBC nchini Uingereza mwaka 1972 kwa kumkumbuka mtangazaji Richard Dimbleby, hujadiliwa mno kwa maudhui yake na ni nadra kuhakikiwa fani yake. Huo ni upungufu. Mtu mashuhuri hupewa ukumbi na kamera, akasema bila ya kukatizwa. Aghalabu kinachosalia ni msemo tu: mwaka 1976 Lord Hailsham alilalamikia udikteta wa kuchaguliwa, yaani serikali kulitawala bunge kwa wingi wa viti, mwaka 1979 yeye mwenyewe akaingia katika serikali yenye wingi huo huo. Msemo umeishi, hoja imesahauliwa.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa 2010. Mwandishi wa riwaya Terry Pratchett, aliyegunduliwa mwaka 2007 kuwa na aina ya maradhi ya Alzheimer yaliyomtatiza katika kusoma, alitunga mhadhara wa kudai haki ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona kuichagua saa ya kufa kwake. Alitoa utangulizi mfupi, kisha mwigizaji Tony Robinson akausoma, na mtunzi yupo pale pale akisikiliza.

Msomaji wa fasihi ya pwani hatashangazwa na mgawanyo huu. Tungo za Muyaka zilidumu kwa ndimi za wengine, na mghani wa utenzi si lazima awe ndiye mtunzi. Lakini mghani, mara nyingi, humsemea asiyekuwapo. Hapa nafsi ya kwanza yatamkwa na mwenye siha, ilhali mwenyewe yu hai na amenyamaza. Kila "mimi" humrejesha mtazamaji kwa yule aliyeketi. Ugonjwa waonekana ukifanya kazi yake pasipo kuelezwa. Redio isingaliweza hayo.

Hata hivyo fani iyo hiyo yaidhoofisha hoja. Pratchett alipendekeza baraza, wakiwamo mwanasheria na daktari, la kusikiliza ombi la kila mgonjwa na kuhakikisha kuwa hakushurutishwa na mtu. Ni pendekezo la sauti nyingi lililoletwa kwa sauti moja. Mgonjwa anayechelea kuwa mzigo kwa jamaa zake hakupata pa kuingilia, na kumpinga mtunzi mbele ya ulimi ule wa kuazima kulikaribia kuonekana ukatili. Pratchett alifariki mwaka 2015. Anayeusoma mhadhara huo leo kitabuni, bila ya zile sura mbili, hupaona upesi mahali ulipopwaya.