Kagame, Aristotle na fasi yetu

Kila tunapokutana kuongea mambo ya mila, hakosi mtu wa kusimama na kusema: hata siye tulikuwa na falsafa, padri Kagame alikwisha kuonyesha. Wengi wanaotaja jina hilo walilisikia masomoni tu. Kitabu chenyewe hawakukifungua.

Alexis Kagame, padri wa Rwanda, alitoa La philosophie bantu-rwandaise de l'Être huko Bruxelles mwaka 1956. Padri Tempels alikuwa amemtangulia mwaka 1945, akiandika juu ya nguvu ya uhai kwa Baluba wa Katanga. Kagame hakuridhika na njia yake. Yeye ushahidi aliutafuta ndani ya lugha. Aristotle alipanga vyote vilivyopo katika mafungu 10. Kagame akayaingiza katika maneno 4 ya Kinyarwanda: umuntu, mwenye akili, ikintu, kisicho na akili, jiwe na mti na mbuzi pamoja, ahantu, mahali na wakati, ukuntu, namna ya kuwa. Mafungu 7 ya Mgiriki yakaishia katika hilo la mwisho peke yake.

Kazi ya akili kubwa, sikatai. Lakini alichukua kwa Aristotle sehemu iliyo dhaifu. Mwaka 1958 Mfaransa Benveniste aliandika kwamba yale mafungu 10 yenyewe yanafuata sarufi ya Kigiriki. Penye nguvu ni kwingine. Neno la Aristotle kwa mada, hulê, lilikuwa kwanza neno la miti na mbao. Tazama mbao za Mambasa zikifika kwa fundi hapa Saio: ubao uleule utakuwa kitanda ao mlango. Kinachobaki ni nini, na kinachogeuka ni nini? Swali hilo halihitaji ngeli za majina. Fundi yeyote analielewa.

Sasa tulete kipimo cha Kagame Ituri. Kibira na Kihema cha kusini vitapita. Kilendu ni lugha ya Sudani ya Kati, Kialuri ni ya Kiniloti. Humo hakuna -ntu ya kutafuta. Wahema wa kaskazini wanasema Kilendu tangu vizazi: je, walipoacha lugha ya kwanza waliacha na hekima? Hata Kiswahili chetu, ambacho ni cha Kibantu, mahali tunapaita "fasi", neno lililotoka kwa Waarabu. Kagame mwenyewe alisema juu ya Wabantu tu, kosa si lake. Kosa ni letu tunaolitumia jina lake kwa wote, katika inchi ambamo tangu 1999 watu waliuawa juu ya kabila.

Mimi ningeanzia kwenye heri. Shuleni "bonheur" inageuzwa furaha, na hapo Aristotle anapotea, maana kwake furaha ya siku moja haitoshi, inapimwa kwa maisha mazima. Tena alisumbuliwa na habari ya Priam, mfalme aliyeishi vizuri akaangamia uzeeni. Wazee wetu waulizwe, kila mmoja kwa lugha yake: mtu aliyemficha jirani wakati wa vita, nyumba yake ikachomwa juu ya hiyo, tumwite mwenye heri ao hapana? Majibu yao yaandikwe, hata yakipingana.