Kiumbe Aliyelelewa na Mtoto: Uhakiki wa Filamu ya "The Water Horse"

Miongoni mwa filamu zinazosimulia urafiki wa mtoto na kiumbe wa ngano, The Water Horse, iliyotolewa mwaka 2007 na kuongozwa na Jay Russell, inastahili kuangaliwa na mwalimu wa Kiswahili kwa makini kuliko nyingine nyingi. Chanzo chake ni kitabu cha watoto cha Mwingereza Dick King-Smith kilichochapishwa mwaka 1990. Makala haya hayakusudii kusifu ufundi wa picha. Yanakusudia kuuliza filamu hii inamwambia nini mtoto aliyeondolewa kwao na vita. Swali hilo linamhusu hasa mwalimu wa Rubondo, mojawapo ya maeneo makubwa ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ambako zamani kulikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara. Makazi hayo yalianza mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na kwa wengi wao Kiswahili ndicho lugha ya kukutania.

Kisa

Mwaka ni 1942, mahali ni Scotland, kando ya ziwa Loch Ness. Angus, mtoto wa mtumishi mkuu wa nyumba ya bwana mmoja mkubwa, anaokota ufukweni kitu kama jiwe. Jiwe hilo ni yai, na kinachoanguliwa ndani yake ni kiumbe ambaye wenyeji humwita farasi wa maji. Angus anamficha, anamlisha na kumpa jina la Crusoe. Kwa mujibu wa imani inayosimuliwa humo, kiumbe wa namna hii huwa mmoja tu duniani. Hutaga yai moja, kisha hufa kabla halijaanguliwa. Kwa hiyo kila farasi wa maji huzaliwa yatima.

Angus naye hana baba. Baba yake alikwenda vitani baharini na meli yake ikazama, lakini mtoto hataki kuamini. Wakati huohuo askari wanapiga kambi kwenye nyumba ile na kutega mizinga yao kuelekea ziwani. Crusoe anakua upesi mno hata nyumba haimtoshi, na inabidi apelekwe ziwani.

Maudhui

Dhamira kuu ya filamu ni msiba usiokubaliwa. Urafiki na mnyama ni njia tu ya kuifikia. Angus anaogopa maji kwa sababu maji ndiyo yaliyomchukua baba yake, na Crusoe ndiye anayemchukua mgongoni na kumzamisha humo hadi woga unamtoka. Mwishoni, mtoto anapomwacha rafiki yake avuke wavu wa askari na kukimbilia baharini, anakubali pia kwamba baba yake hatarudi. Mambo haya mawili yameunganishwa kwa ustadi. Hakuna mhusika anayesimama na kuyahubiri, na mtazamaji mdogo huyaelewa kwa kuona.

Hapa ndipo filamu ilipofaulu zaidi. Filamu nyingi za aina hii humpa mtoto mnyama wa ajabu ili asahau huzuni yake. Hii inampa mnyama wa ajabu ili aitazame. Darasani Rubondo, ambako mwalimu hawezi kujua ni nani kati ya wanafunzi wake anayemngoja mzazi asiyerudi, tofauti hiyo ni kubwa.

Nunda na farasi wa maji

Hata hivyo, fasihi simulizi yetu ina la kusema juu ya kulea viumbe. Katika hadithi za Zanzibar alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha mwaka 1870, imo hadithi ya Sultani Majinuni. Sultani huyo ana paka. Paka anakula ndama, kisha wanyama wakubwa zaidi. Kila watu wanapomlalamikia, sultani hujibu kwamba paka ni wake na mali iliyoliwa ni yake. Paka anaendelea kukua hadi anawageukia watu, hata wana wa sultani mwenyewe. Hapo anaitwa nunda. Mwana wa mwisho, aliyedharauliwa, ndiye anayekwenda kumtafuta. Anaua mnyama mmoja baada ya mwingine na kumletea mama yake, na kila mara mama anamwambia kwamba huyo siye.

Tuilinganishe hadithi hiyo na filamu. Katika zote mbili kiumbe mdogo analelewa nyumbani, anapendwa, anakua kupita kiasi, kisha anakuwa hatari. Lakini sababu ya hatari si moja. Nunda anakuwa nunda kwa sababu mwenye mamlaka hakutaka kuambiwa. Crusoe anakuwa mkali baada ya mizinga kufyatuliwa ziwani mwake, na usiku ule hata rafiki yake mwenyewe hamtambui mara moja.

Kasoro kubwa ya filamu inaonekana hapo. Mizinga ilipigwa kwa amri ya Kapteni Hamilton, ili kuwaonyesha wageni nguvu ya jeshi. Baada ya tendo hilo filamu inaharakisha kuelekea usiku wa kuokoana, na suala la nani aliamuru, na kwa nini, halipewi uzito linaostahili. Hadithi ya Zanzibar haimsamehe sultani kwa wepisi namna hiyo. Msikilizaji anaondoka akijua vizuri madhara yalianzia katika kiti gani. Mtoto wa Rubondo anahitaji faraja ya filamu, lakini anahitaji pia swali la hadithi, kwani naye alihama kwao kwa sababu ya mizinga ambayo watu fulani waliiamuru.

Suala la lugha

Filamu inazungumzwa kwa Kiingereza cha lafudhi ya Scotland, nacho ni kigumu hata kwa watu wazima. Mwalimu anaweza kuisimulia kwa sauti yake huku picha zikienda, kama walivyofanya akina Lufufu huko Tanzania, na kama wanavyofanya mabingwa wa kazi hiyo nchini Uganda kwa Kiluganda. Akifanya hivyo atakutana na mambo mawili yenye manufaa.

Kwanza, amwite nini kiumbe huyu? Methali yetu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na maana yake ni kwamba hata zimwi la kuzoeleka hula kidogo. Kumwita Crusoe zimwi, basi, ni kumtia hatiani mapema. Wanafunzi waliotoka Kongo huenda wakamtaja mamba muntu, yule nusu mtu nusu samaki aliyechorwa sana na wachoraji wa Lubumbashi katika miaka ya 1970. Huyo hutoa utajiri kwa masharti, na gharama yake hulipwa na jamaa wa mtu. Mwalimu asiwazuie. Waache waeleze kwa nini kiumbe wa Loch Ness hadai chochote, nao watakuwa wameanza uhakiki wao wenyewe.

Pili, kuna upatanisho wa kisarufi. Yai likivunjika, msimulizi atasema "kitu kile kinalia" au "dude lile linalia". Angus akishampa jina, ulimi wenyewe utasema "Crusoe analia". Kiumbe amehama kutoka ngeli ya vitu na kuingia katika ngeli ya watu na wanyama, na mtoto ndiye aliyemhamisha. Je, mizinga inapolia na kiumbe kuwa mkali, msimulizi arudi kwenye "joka lile likamfuata", au ashikilie "akamfuata"? Atakayesema "likamfuata" amekubaliana na askari. Atakayesema "akamfuata" amebaki upande wa Angus. Sijui zoezi la ngeli lililo zuri kuliko hili, kwa sababu wanafunzi watabishania sarufi huku wanabishania haki.

Hitimisho

The Water Horse ni filamu nzuri ya familia, yenye moyo wa kweli katikati yake. Inaheshimu msiba wa mtoto, ingawa inawaonea haya wakubwa waliousababisha. Pendekezo letu kwa walimu wenzetu ni kwamba isionyeshwe peke yake. Siku ya kwanza wanafunzi waitazame filamu, siku ya pili wasimuliwe habari za Sultani Majinuni na paka wake, kisha waulizwe ni nani aliyemfanya kila kiumbe kuwa mkali. Majibu wayatoe kwa Kiswahili chao, kiwe cha Bukavu, cha Bujumbura au cha Mbarara. Kukisahihisha kutafuata baadaye, wakishamaliza kusema.